Hadithi Niliyoisimulia Mchana

Wewe uliyelifungua daftari hili, nakusihi kwa maziwa uliyonyonya: usimsomee mtu hata mstari mmoja. Usicheke kwa sauti unaposoma, maana atakayekusikia atauliza unacheka nini. Mimi ni karani wa muda, sijathibitishwa kazini, na mwaka huu watumishi wanapogolewa kama mibuni. Mama yangu anaamini kwamba mwanawe anafanya kazi ya kuokoa watu. Mwache aendelee kuamini hivyo.

Mbinga, 4 Januari 1994

Bwana Erasmo, mratibu wa mradi wetu wa afya, ameniita ofisini kwake leo. Kipindupindu kimeingia vijiji vya ziwani tangu mwezi uliopita. Mabango tuliyopeleka watu wamezibia nayo madirisha, na hotuba zake mwenyewe zimewalaza usingizi. Wafadhili wameandika kwamba sayansi iwafikie wananchi kwa njia ya hadithi.

"Isidori, wewe ulisoma sayansi mpaka kidato cha sita, na Kiswahili chako kimenyooka. Tunga hadithi. Iwe na wimbo."

Nikasema ndiyo kabla sijafikiri. Ndivyo nilivyo. Mkubwa akiniuliza jambo, mdomo hukubali kwanza, halafu tumbo hufuata na maumivu yake.

6 Januari

Nimetunga. Mwanamke anasafiri kwenda mazikoni, anarudi na vijidudu tumboni, vidogo hata jicho halivioni. Hanawi mikono, anawapikia watu. Anajisaidia kwenye matete karibu na mahali pa kuteka maji, mvua inanyesha, vijidudu vinashuka ziwani na kuzaana. Kila nyumba inayokunywa bila kuchemsha inalia. Mwishoni nesi anafundisha maji ya chumvi na sukari, na choo.

Nilihangaika sana juu ya jina la mwanamke huyo. Sikutaka kumgusa mtu. Watu wa ziwani ninaowajua ni Waanglikana, kina Lidia na kina Meshack. Basi nikachagua jina la kwetu milimani, la Kikatoliki kabisa, ambalo huko chini haliwezi kuwepo: Walburga. Nilijiona mwangalifu.

Bwana Erasmo amesoma akakata mstari wa kwanza kwa kalamu nyekundu.

"'Hapo kale palikuwa na mwanamke.' Futa. Mtu akisikia hapo kale anajua ni uongo wa watoto. Andika: mwezi uliopita, katika kijiji kimoja cha ziwani."

"Na tutasimulia saa ngapi, mzee?"

"Mchana, wakianika samaki. Unataka tulale huko tuliwe na mbu?"

Bibi yangu alikuwa akituambia kwamba anayesimulia ngano mchana huota mkia. Nimetabasamu peke yangu nikifuta ule mstari. Msomi haoti mkia.

7 Januari

Mvua kutwa. Betri ya gari imekufa.

11 Januari, Mbaha

Tulikwama njiani tukalala Kingerikiti, lakini leo nimesimulia hapa ziwani, na nimefurahi kupita kiasi.

Egidi, dereva wetu, alifunga spika juu ya gari akapiga kanda ya kwaya. Watu wakajaa pwani, wanawake wakiwa na usipa, dagaa wa huku, mikononi. Mwanzoni sauti yangu ilikuwa kama ya mbuzi. Nilipofika kwenye wimbo, wakaupokea mara ya pili tu, tena wakaugawa sauti nne, wakanipita mimi mtunzi:

*Walburga, Walburga, umetuletea nini?*
*Mikono hukunawa, maji hukuchemsha,*
*Walburga, umetuletea nini?*

Niliona baadhi yao wakigeuza shingo kutazama banda moja la makuti mwisho wa pwani, lililokuwa likitoa moshi. Nilidhani wanaangalia chakula.

Egidi ameniambia, "Karani, wewe ni hatari. Hata mimi leo nimenawa."

14 Januari

Bwana Erasmo amenishika bega mbele ya watu wote. Amesema huenda nikathibitishwa kabla ya bajeti. Nimemwandikia mama.

20 Januari

Mvua. Nimechapa taarifa.

29 Januari, Mbaha

Tumerudi kuona matokeo, na matokeo ni makubwa. Vyungu vya maji viko motoni karibu kila ua. Watu wamechimba vyoo hata kwenye mawe. Wagonjwa zahanati wamepungua, na Sista Lidia, nesi wa hapa, ana usingizi usoni badala ya kilio. Nilimpa pole ya kazi. Akaniuliza:

"Bwana Karani, nani alikupa habari za Walburga?"

"Walburga gani, dada?"

"Usinifanyie utoto. Walburga mwenye banda la chakula pale pwani."

Nikamwambia kwamba jina lile nililitunga. Akanitazama kama anavyomtazama mtoto aliyekunywa mafuta ya taa.

"Huku Wakatoliki wapo. Lakini Walburga ni mmoja tu, tena aliolewa kutoka kwenu huko juu. Novemba alipanda Mbuji kumzika mama yake. Akarudi Desemba, majuma mawili hayajaisha, mumewe akafa kwa kuhara. Anapika chakula cha kuuza. Sasa niambie, ulitunga kipi?"

Nilisema, "Nilichagua jina la milimani ili nisimguse mtu wa huku."

"Basi umefanikiwa. Wa huku hukuwagusa."

Akaniambia yote. Hakuna anayekula kwa Walburga tena. Akifika kuteka maji, wenzake wanaondoa ndoo zao. Watoto wanamwimbia binti yake, Glorious, njia nzima ya shule. Meshack, mdogo wa marehemu, anasema ukoo hauwezi kuishi na mwanamke aliyeleta kifo, serikali yenyewe imemtangaza. Anataka arudi kwao, watoto wabaki, maana watoto ni wa ukoo. Na siku hizi biashara ni huria, malori ya wanunuzi wa usipa yanashuka mpaka pwani, na mahali lilipo banda la Walburga pangefaa sana kwa ghala.

"Lakini si kweli kwamba alileta yeye," Lidia akasema. "Mgonjwa wa kwanza nilimlaza hapa Walburga akiwa bado Mbuji. Alikuwa mvuvi aliyetoka ng'ambo. Nimewaambia. Wananijibu, 'Sista, wewe hukusikia spika?'"

Nilitoka nje mpaka kwenye ndoo ya maji ya zahanati. Halafu nikanawa mikono, nikijiona kinyago.

30 Januari

Nimemwona. Nilipita mbele ya banda lake nikijifanya natafuta Egidi. Ni mwanamke mrefu, mwenye kanga nyeusi ya msiba, na mtoto mchanga mgongoni. Masufuria yake yalikuwa yamefunikwa, yote yamejaa. Akanikaribisha.

"Karibu chakula, baba. Kuna ugali wa muhogo na samaki wa mbasa."

Nilikuwa na njaa. Nikasema nimeshiba.

Sitaki kuandika zaidi leo. Naandika tu kwamba nilisema nimeshiba, na nyuma yangu wavuvi wawili walicheka, na mmoja akasema, "Hata karani anaogopa."

2 Februari, Mbinga

Nimemweleza Bwana Erasmo. Nilikariri maneno tangu alfajiri, bado yakatoka vipande vipande. Alinisikiliza akila karanga.

"Unataka tufanyeje?"

"Twende tukawaambie hadithi ilikuwa ya kutunga, mzee."

"Sawa. Tukawaambie mwanamke ni wa kutunga, safari ni ya kutunga. Halafu vijidudu?"

"Hivyo ni vya kweli."

"Nani atawachambulia? Wewe? Ukivuta uzi mmoja, nguo yote inafumuka. Watu wataacha kuchemsha, watakufa. Je, heshima ya mwanamke mmoja na roho za watu, kipi kizito?" Akanisogezea karanga. "Tena wafadhili wanakuja mwezi huu. Na majina ya watakaobaki kazini yanaandikwa. Isidori, mwanangu, tulia."

Nikala karanga zake. Hilo ndilo linalonichoma kuliko yote: nilikula.

5 Februari

Sijalala vizuri. Huenda ana haki. Huenda mimi ni mwoga tu ninayetafuta mkubwa wa kujificha nyuma yake.

12 Februari, Mbaha

Nilipata hila. Nitasimulia tena hadithi ileile, lakini nitabadilisha jina. Nitamwita Tabu. Watu watasahau lile la kwanza, na hakuna atakayejua kwamba nimekiri kitu. Nilijipongeza njiani.

Nilipoimba "Tabu, Tabu, umetuletea nini," wanawake wakaacha kugeuza samaki. Halafu mama mmoja akanisaidia kwa upole, kama unavyomsaidia mtoto aliyesahau sala:

"Si Tabu, mwanangu. Ni Walburga."

"Amesahau!" wakacheka. "Karani amesahau! Walburga!" Wakauanza wenyewe, kwa sauti nne, kwa nguvu kuliko Januari. Walburga alikuwa akipita na kuni kichwani. Hakukimbia. Alitembea mwendo uleule mpaka akaingia ndani.

Aliyewafanya wamwimbe mara ya pili ni mimi.

13 Februari

Asubuhi Meshack alikuja kwenye gari letu, amevaa shati jeupe la kanisani.

"Shikamoo, Mzee Egidi. Mnapanda leo? Tunaomba mtuchukulie mgonjwa."

"Mgonjwa gani?"

"Shemeji yangu. Ukoo ulikaa kikao jana. Anakwenda kupumzika kwao."

Walburga alikuja na furushi moja la nguo na mtoto mgongoni. Glorious na mdogo wake walishikwa mikono na shangazi yao mlangoni. Hakuna aliyepiga kelele. Walburga aliwageukia akasema kwa Kinyasa neno fupi, labda wale vizuri, labda wasome. Sijui lugha yao. Kisha akapanda nyuma, akakaa juu ya magunia.

Ningeweza kusema pale pale. Meshack alikuwa mbele yangu hatua chache, na watu wote walikuwa wanasikia. Nilifungua mlango wa mbele nikaingia, nikafunga.

Tulipanda milima saa nyingi. Egidi, kwa mazoea tu, akaanza kupiga mluzi. Ulikuwa wimbo wangu. Alipogundua akaacha katikati, akashika usukani kwa mikono miwili, akasema, "Barabara hii itatuua."

Tuliposimama kusukuma gari kwenye tope, Walburga alishuka naye akasukuma. Akanisikia nikimlaani shetani kwa Kimatengo. Uso wake ukafunguka.

"Kumbe u wa kwetu! Mtoto wa nani?"

Nikamtajia baba. Akamjua. Akamjua na mama yangu, wakiwa wasichana walifyeka nyasi pamoja. Alifurahi kama mtu aliyeokota kitu chake.

"Afadhali," akasema. "Afadhali ofisini kuna mtu wa kwetu. Baba, hao wakubwa zako waliotunga hadithi ile, waambie wamenikosea. Waambie polepole wasikukasirikie."

"Nitawaambia, mama," nikasema.

Nilisema hivyo. *Wakubwa zako waliotunga*, nami nikasema *nitawaambia*.

21 Februari, Mbinga

Wafadhili wamekuja. Nimewaimbia wimbo ofisini. Walipiga makofi. Mmoja aliuliza kama Walburga ni mtu wa kweli, na Bwana Erasmo akajibu kwamba ni mfano. Wakaandika "mfano."

25 Februari

Nimethibitishwa kazini.

26 Februari

Sina la kuandika.

6 Machi, Mbuji

Niliomba ruhusa ya kumwona mama, lakini kutoka misani nilikwenda kwa Florian, kaka yake Walburga. Nilimkuta Walburga mtelemkoni akichimba ngoro. Nyasi zilikuwa zimeshalazwa miraba, naye alikuwa akitoa udongo katikati ya kila mraba na kuumwaga juu ya nyasi, tayari kwa maharage. Mtoto alikuwa amelala kwenye kivuli cha mbuni.

Nilimwambia kila kitu nikiwa nimesimama. Kwamba hakuna mkubwa aliyetunga. Kwamba ni mimi, na jina ni langu, na sababu ya jina. Na kwamba siku ya gari nilinyamaza.

Hakusimama. Alimaliza shimo lile, akafunika, akakanyaga kingo kwa mguu. Kisha akauliza:

"Ulikuwa unanijua?"

"Sikukujua, mama."

"Ungekuwa unanichukia ningeelewa. Mtu humpiga nyoka kwa kuwa amemwona. Wewe ulinikanyaga tu ukipita."

Nikaanza kulia. Akakasirika.

"Unalia nini? Machozi yako nitayapeleka wapi? Wanangu wawili wako chini, wanaimbiwa mama yao asubuhi na jioni. Kama una maji mengi kiasi hicho, kayamwage Mbaha."

Florian alikuwa amekuja, jembe begani. Nilidhani atanipiga, na ningeshukuru. Akasema, "Dada, ni mgeni. Mpe togwa." Walburga akanipa. Nilikaa na kibuyu mikononi, nikainywa yote.

12 Machi, Mbaha. Mchana

Bwana Erasmo yuko Songea kwenye semina. Tulikuja kupeleka dawa tu. Nilimwomba Egidi spika.

"Spika ni ya mradi," akasema. "Mdomo ni wako. Mimi nakwenda kununua usipa, sijaona kitu."

Nilipanda juu ya mtumbwi uliopinduliwa. Nilisema kwa Kiswahili kinyofu, kama nilivyofundishwa. Kwamba hadithi niliitunga mezani Mbinga. Kwamba Mama Walburga sikuwa namjua. Kwamba mgonjwa wa kwanza alilazwa kabla yeye hajarudi, Sista Lidia ni shahidi. Kwamba ninaomba radhi.

Bibi mmoja mwenye fimbo akanyoosha mkono.

"Kwa hiyo hakuna mwanamke aliyeleta?"

"Hakuna, bibi."

"Na wadudu wasioonekana?"

"Hao wapo, bibi."

"Umewaona?"

"Nimewaona shuleni, kwa darubini."

"Mwanamke ulimtunga, wadudu hukuwatunga. Sasa sisi tutajuaje umeishia wapi?"

Nikarudia kwamba wadudu wapo, kwa sauti zaidi.

Meshack alikuwa ameegemea nguzo za ghala jipya, palepale palipokuwa na banda la Walburga. "Jamani, ulizeni swali jepesi. Karani ametoka wapi? Mbuji. Na yule ametoka wapi? Mbuji. Mmatengo anamfunika Mmatengo blanketi!" Watu wakacheka. Akaongeza, "Tena kama ilikuwa ngano, mbona ulituletea jua likiwa utosini? Ngano ya mchana! Wewe hukulelewa? Geuka tuone mkia!"

Wakacheka mpaka vichanja vya samaki vikatikisika. Nilishuka.

Lidia alinifuata mbio, ana hasira. "Umefanya nini? Jirani yangu ameshatoa chungu motoni. Anasema kuni zimelowa na karani amekiri. Nikipata mgonjwa wiki hii nitakuletea ofisini kwa machela."

Kumbe Bwana Erasmo hakudanganya. Nimevuta uzi. Nimeketi kwenye ngazi ya zahanati naandika haya, na sijui nimtazame nani usoni. Lakini neno la Meshack linanizunguka. Alinitukana, na tusi lake ni kweli tupu. Kwao na kwetu, jambo linalosemwa mchana kweupe ni habari. Ndiyo maana waliamini. Na nikirudi tena mchana kukanusha habari, mimi ni mtu wa habari mbili tu.

13 Machi, asubuhi

Naandika kabla gari halijaondoka.

Jana jua lilipozama nilimwomba Lidia ua wake. Alikuwa bado amenuna, akasema, "Fanya unavyotaka, umeshaharibu." Majirani walikuja kwa sababu ya kucheka tu, mkia wangu ulikuwa umevuma kijiji kizima. Waliketi kwenye mikeka wakimenya mihogo. Meshack naye alikuja akasimama mlangoni pa ua. Glorious alikuja na shangazi yake.

Nikaomba ruhusa ya kudanganya, kama msimulizi wa ngano anavyoiomba usiku baada ya chakula, kwetu na kwao. Walinipa kwa sauti moja. Sikuwahi kupewa ruhusa ile kabla, na nilipoisikia nikaelewa nilichoiba Januari.

Nikaanza hapo kale. Hapo kale palikuwa na karani wa milimani jina lake Isidori. Alisoma sana. Alivaa viatu. Alijua majina ya wadudu kwa Kilatini, lakini kunawa mikono aliona ni kazi ya washamba. Alipofika ziwani akala samaki kwa mkono uliotoka kushika matope. Vijidudu vikaingia vikafanya mkutano tumboni, vikachagua mwenyekiti, kila mmoja akazaa wawili, wawili wakazaa wanne, mpaka hapakuwa na viti. Nikanguruma kama tumbo. Nikaonyesha karani anavyokimbilia matete ameshika suruali, akimwamkia kila mzee anayempita, "Shikamoo, shikamoo," bila kusimama. Mama mmoja alilala chali kwenye mkeka kwa kicheko.

Nikaingia wimbo, mapigo yaleyale:

*Isidori, Isidori, umetuletea nini?*

Niliogopa watanisahihisha, kama walivyofanya kwa Tabu. Nikarudia mstari peke yangu. Halafu sauti ya kwanza kuitikia ilikuwa ya Glorious, nyembamba, kali, kutoka kooni. *Mikono hukunawa, maji hukuchemsha.* Alikuwa ananitazama usoni. Hakuwa anacheka. Baada yake wakaingia wote.

Nilimaliza na kuchemsha maji, chumvi na sukari, choo. Walirudia vipimo pamoja nami. Yule bibi wa fimbo akaniuliza, "Ndiyo wadudu walewale wa mchana?"

"Ndiyo, bibi."

"Basi hao nimewaelewa. Wanapenda vikao."

Meshack aliondoka kabla ya mwisho. Nilipokuwa nakunja mkeka nilimsikia shangazi wa watoto akisema huko nje, "Mimi siku ile nilisema tusiharakishe." Hakusema siku ile, nilikuwepo. Lakini sasa anasema.

19 Machi, Mbinga

Mtu amempelekea Bwana Erasmo habari. Hakupaza sauti.

"Umejigeuza kichekesho, na mradi wangu umegeuka kichekesho pamoja nawe. Mtumishi wa afya anayehara mbele ya wananchi!"

"Ni hadithi, mzee."

"Mimi najua ni hadithi. Kabidhi funguo."

Nilizihesabu mezani moja moja. Zote nilikabidhi.

23 Machi, Mbuji

Niko nyumbani. Nimemwambia mama kwamba ofisi imepunguza watu. Bado ninadanganya.

30 Machi

Mvua imepungua. Nachimba ngoro na mama.

5 Aprili

Leo nilikuwa naweka mbegu za maharage nikasikia watoto barabarani wakiimba. Wimbo umepanda mlima. Umeletwa na wachuuzi wa usipa, pamoja na mbio za suruali na shikamoo zote. Mama akainua kichwa akasikiliza mpaka mwisho.

"Isidori huyo ni nani?"

"Ni mimi, mama."

Nikamweleza yote, tangu jina. Alifukia shimo moja la mbegu. Kisha akaniuliza kama kweli nilihara mbele ya watu. Nikasema hapana, niliigiza. Akasema, "Afadhali ungehara," akaendelea kufukia mbegu. Hajaniangalia tangu asubuhi.

9 Aprili

Lidia ametuma ujumbe kupitia Egidi. Hana mgonjwa mpya tangu Machi. Sidai ni kazi yangu, mvua nayo imekatika. Ukoo wa marehemu umekubali kukaa tena, Walburga awepo, kuzungumzia watoto. Meshack ameweka sharti: aletwe mtu atakayesimama mbele ya wazee, mchana, bila ngano wala wimbo, aseme ni nani aliyemtia yule mwanamke kinywani mwa watu. Anajua mimi ni mwoga.

Nimempelekea Walburga habari. Alisema, "Utakwenda?" Nikasema nitakwenda. Akasema, "Hilo neno nilishalisikia kwako."

Basi daftari hili, ambalo mwanzoni nilisihi lisisomewe mtu, nampa Egidi alishushe Mbaha, kwa wazee wa ukoo, wasome kabla sijafika, ili nikifika nisiweze kupunguza kitu. Wewe utakayetumwa kuja kuniita, fanya hivi. Panda na lori la usipa mpaka Mbinga, kisha ushike njia ya Mbuji kwa miguu au gari litakalopatikana. Usiulize ofisini, hawanijui tena. Ukivuka kijito chini ya kanisa, usihangaike kutaja jina la baba yangu, kwa maana tuko wengi wa ukoo huo. Anza tu kuimba wimbo. Watoto watauitikia na kukimbia mbele yako mpaka mlangoni kwetu. Imba kwa nguvu. Nikisikia nitatoka.